Mti wa Serikali, Mzinga Wangu

Watu wengi wanaonitafuta hapa Ngara hawataki tovuti mpya. Wanataka kuhamisha ile waliyonayo. Fundi amehamia Dodoma na hapokei simu, au seva imepandishwa bei, au duka limekua na mfumo wa zamani haulimudu tena. Wanakuja na nywila zilizoandikwa nyuma ya daftari la mauzo, wakidhani kuhamisha tovuti ni kama kuhamisha kabati: unaita vijana wanne, mnabeba, mnafika.

Mimi huanza na swali ambalo huwaudhi kidogo. Siulizi nywila. Nauliza: hii imeandikishwa kwa jina la nani?

Mwaka 2023 niliitwa Biharamulo na mama mmoja anayeuza asali. Nilipanda gari asubuhi, tukapita Benaco, tukapita Lusahunga, na kabla ya saa sita nilikuwa nimekaa kwenye stoo yake katikati ya ndoo za plastiki zilizopangwa mpaka dari. Ananunua asali kwa kikundi cha wanawake na kwa wazee wachache wenye mizinga msituni, anaichuja, anaijaza kwenye chupa, kisha anaiuza Mwanza, Dar es Salaam na wakati mwingine Kigali. Tovuti yake ndiyo iliyomfungulia Kigali. Mteja wa huko alimwona mtandaoni, akaagiza katoni tatu, akarudi tena.

“Mwanangu,” aliniambia baada ya shikamoo na chai, “nimeletewa ujumbe kwamba duka langu litazimwa baada ya siku kumi na tisa. Na malipo ya simu yamegoma tangu mwezi wa pili. Kijana aliyenitengenezea nampigia, simu haipatikani. Nilimlipa laki nane. Sasa niambie, nilinunua nini?”

Swali hilo lilikuwa zuri kuliko langu. Ilinichukua siku mbili kulijibu, na naandika haya kwa sababu naamini wengi wetu tunaotengeneza vitu vya mtandaoni kwa ajili ya wengine hatujawahi kulijibu kwa sauti.

Nilichokikuta ndani kilikuwa cha kawaida. Tovuti ilijengwa kwa WordPress. Juu yake kulikuwa na mandhari ya kulipia, yaani ile sura ya duka: rangi, mpangilio, mahali pa picha. Kulikuwa na programu jalizi mbili za kulipia, moja ya kupokea malipo ya simu na nyingine ya kuonyesha kurasa kwa Kiswahili na Kiingereza. Kulikuwa na picha ya nyuki juu ya ua, nzuri mno, iliyotoka kwenye ghala la picha za kulipia. Kulikuwa na jina la .co.tz. Na kulikuwa na vitu vya mama mwenyewe: maelezo ya asali, bei, oda, na orodha ya wateja kama mia nne wenye majina na namba za simu.

Kwa macho ya mteja hiyo ni tovuti moja. Kwa macho ya sheria ni vitu sita au saba vilivyofungwa kwenye kanga moja, na kila kimoja kina mwenyewe.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania, ya mwaka 1999, inaziweka programu za kompyuta katika kundi moja na vitabu na maandishi mengine. Maana yake ni kwamba msimbo una mwandishi, na mwandishi ana haki zake hata kama hakubandika tangazo lolote. Ukiwa na nakala ya kitabu huna haki ya kukichapisha upya. Ukiwa na nakala ya programu, unachoruhusiwa kufanya ni kile tu kilichoandikwa kwenye leseni. Leseni ni ruhusa. Bila ruhusa una faili tu.

Sasa, ruhusa ya WordPress ni ya aina yake. Inatolewa chini ya leseni iitwayo GPL, ambayo Richard Stallman aliitoa kwa mara ya kwanza mwaka 1989. Toleo la pili, linalotumiwa na WordPress, ni la 1991. Kumweleza mama nilitumia ng'ombe. Wengi mnaujua mpango wa kopa ng'ombe, lipa ng'ombe: unapewa mtamba, maziwa ni yako, mbolea ni yako, uza upendavyo. Sharti ni kwamba ndama jike wa kwanza unampa jirani, naye anampokea kwa sharti hilohilo. GPL inafanana na hivyo. Unaruhusiwa kuitumia programu kwa biashara, kuifungua, kuibadilisha, hata kuiuza. Lakini ukiigawa kwa mwingine, lazima umpe haki zilezile ulizopewa wewe. Ukiitumia kwenye tovuti yako tu, hudaiwi na mtu.

“Kwa hiyo hapo sidaiwi,” alisema mama.

Hadaiwi. Na kuna jambo jingine nililomsimulia, kwa kuwa lilimhusu. WordPress yenyewe ilizaliwa kwa sababu ya fundi aliyenyamaza. Kabla yake kulikuwa na programu ndogo iitwayo b2, iliyoandikwa na Michel Valdrighi. Mwaka 2002 akaacha kuishughulikia, na watumiaji wake wakabaki na kitu kisicho na mtu wa kukitunza. Mwanzoni mwa 2003 mwanafunzi wa Texas mwenye miaka 19, Matt Mullenweg, aliandika kwamba kwa kuwa b2 iko chini ya GPL, mtu anaweza kuichukua na kuiendeleza bila kumsubiri mwenyewe. Mwingereza Mike Little akamjibu kwamba yuko tayari. Mei 2003 toleo la kwanza la WordPress likatoka. Hakuna aliyeiba. Ruhusa ilikuwa imeandikwa tangu mwanzo, mwenye ruhusa akiwepo au asiwepo.

Nadhani hapo ndipo nilipoelewa vizuri kazi ya leseni. Mkiwa bado mnaelewana na simu zinapokelewa, hakuna anayeisoma. Inaanza kazi siku mtu anaponyamaza.

Kwenye mandhari na programu jalizi mambo yalikuwa magumu zaidi. Wauzaji wengi wa vitu vya WordPress nao huutoa msimbo wao chini ya GPL, kwa sababu umeshikamana na WordPress. Wanachouza hasa ni ufunguo: mfuatano wa herufi na tarakimu unaokupa masasisho na msaada kwa mwaka mmoja, kwa tovuti moja au kwa idadi fulani. Ufunguo ukiisha, programu haifutiki. Inabaki pale ikizeeka, na kila tundu jipya la usalama linalogunduliwa linabaki wazi kwako. Na kama programu inategemea huduma ya muuzaji, kama ile ya malipo, inaweza kukataa kabisa. Ndicho kilichotokea mwezi wa pili. Funguo zote zilikuwa kwenye akaunti ya yule kijana. Alipoacha kulipia, duka la mama liliendelea kuonekana zima huku malipo yakigonga mwamba.

Jioni ile niliwauliza mafundi wenzangu kwenye kundi letu la WhatsApp. Ndani ya dakika tano nikatumiwa kiungo. “Chukua hii, imeshavunjwa kufuli, inafanya kazi vizuri tu.” Hawakuwa na nia mbaya. Sisi tuliokulia kwenye vibanda vya intaneti vya Ngara tumezoea kuona programu zikipita mkono kwa mkono kama mbegu za maharage.

Lakini hapa pana jambo ambalo ni vyema lisemwe kwa usahihi, maana watu hulitia chumvi pande zote mbili. Kama msimbo kweli uko chini ya GPL, kuugawa bila ufunguo huenda kusiwe wizi kabisa. Leseni yenyewe inaruhusu. Ila hakuna anayevunja kufuli la duka la malipo kwa upendo. Nakala nyingi za namna hiyo huwekewa mistari ya ziada: inayofungua mlango wa nyuma, inayotuma wageni kwenye kurasa za kamari, inayonakili orodha ya wateja. Na si kila kilichokuwemo kwenye kifurushi kilikuwa cha GPL. Picha, herufi na faili za rangi mara nyingi zina leseni yake tofauti, ambayo haikuruhusu chochote. Orodha ile ya watu mia nne ndiyo iliyoniamulia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamfanya mama huyu, mwenye duka, kuwa mtu wa kuzitolea hesabu taarifa za wateja wake. Siyo mimi, wala aliyenitumia kiungo.

Kiungo sikukifungua.

Kilichobaki kilikuwa jina, na jina lilinitia wasiwasi kuliko msimbo. Kikoa cha .co.tz kilikuwa kimeandikishwa kwa jina la kijana yule, kwa barua pepe yake. Wateja wa Kigali walilijua jina hilo. Lilikuwa limechapwa kwenye kila lebo ya chupa. Msimbo unaweza kuupata kwingine. Jina lina mmiliki mmoja tu.

Kuna kisa maarufu kuhusu hili, nacho kina Kiswahili ndani yake. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kulikuwa na mfumo wa tovuti ulioitwa Mambo, ulioanzia kwenye kampuni ya Australia iitwayo Miro. Msimbo ulikuwa wa GPL, lakini alama ya biashara ilikuwa ya kampuni. Agosti 2005 waandishi wakuu wa mfumo huo walitofautiana na kampuni kuhusu nani aongoze mradi, wakaondoka wote. Msimbo waliondoka nao, GPL iliwaruhusu. Jina walilazimika kuliacha. Wakahitaji jina jipya haraka, na walilolichagua lilitoka kwenye lugha yetu: jumla, kwa maana ya wote kwa pamoja. Wakaliandika kwa tahajia ya Kiingereza, Joomla, na Septemba mwaka huohuo toleo la kwanza likatoka. Kila ninapoona neno hilo kwenye tovuti ya shule au ya shirika, nakumbuka kwamba ni neno la watu waliotoka na kila kitu isipokuwa jina.

Mama hakuweza kutoka bila jina. Lebo elfu mbili zilikuwa zimeshachapwa.

Ilibidi tumtafute kijana. Tulimpata kwa njia ya kawaida: mama aliuliza kwa dereva wa basi, dereva akauliza kwa shemeji yake, shemeji akatoa namba mpya. Nilitarajia ubishi. Nilimkuta mtu mpole aliyeugua kwa miezi, akapoteza simu, akaacha kazi za tovuti na sasa anauza vifaa vya umeme wa jua. “Kaka, mimi nilifanya kama wanavyofanya wote,” aliniambia. “Mteja hana kadi ya benki, hana barua pepe. Ukisema usubiri afungue, kazi inalala. Unaandikisha kwako, unasema tutabadilisha baadaye.”

Namwamini, na kila fundi wa huku anaijua hiyo “baadaye”. Alimwandikia barua msajili wake siku iliyofuata, nasi tukatuma cheti cha jina la biashara la mama kutoka BRELA, na baada ya siku sita kikoa kikawa cha mama. Siku sita kati ya kumi na tisa.

Ilipofika zamu ya kununua funguo upya, nilikaa na kalamu. Kununua zote tatu kwa jina la mama, kwa tovuti moja, kulihitaji dola 147 kwa mwaka, karibu laki tatu na elfu sabini wakati ule. Lakini wauzaji wana leseni za mafundi: kifurushi kimoja, dola 199, tovuti 25. Nilikuwa na wateja kumi na mmoja. Kwa kila mmoja ingekuwa dola 18 hivi. Ningemtoza mama laki moja na nusu, angeona nimempunguzia zaidi ya nusu ya gharama, nami ningebaki na faida. Hakuna sheria ambayo ningevunja. Masharti ya leseni yanaruhusu.

Na angekuwa wangu. Siku akinichoka, funguo zinabaki kwangu. Angenipigia simu kila mwaka, apende asipende. Nikikosa kupatikana, kwa ajali ya bodaboda au malaria au kazi mpya ya mshahara, malipo ya simu yatagoma tena na mtu mwingine atakaa kwenye stoo hiyo akinywa chai na kuuliza imeandikishwa kwa jina la nani.

Nikamweleza mama njia zote mbili, na bei zote mbili. Sikumficha kwamba ya pili ni rahisi kwake mwaka huu. Alikaa kimya, akifuta mfuniko wa ndoo kwa kitambaa.

“Sisi tunaotundika mizinga msitu wa hifadhi,” alisema, “mti ni wa serikali. Una kibali cha kuutumia, huwezi kuukata. Mzinga ni wangu, nimeuchonga au nimeununua, una alama yangu. Nyuki ni wa Mungu, wakitaka wanahama. Asali ni yangu kwa kuwa mzinga ni wangu. Sasa nikitundika kwenye mzinga wako ili nipunguze gharama, asali itakuwa ya nani?”

Mimi sikuwa na mfano bora. WordPress ni mti wa wote, wenye kibali kisichokwisha. Funguo na kikoa ni mzinga. Wateja ni nyuki. Oda ni asali. Tukanunua funguo kwa jina lake.

Ilibidi kwanza awe na jina mtandaoni. Tulifungua barua pepe ya biashara, nywila akaiandika mwenyewe bila mimi kutazama. Mpwa wake alimsaidia kupata kadi ya malipo ya mtandaoni kutoka kwenye akaunti yake ya simu. Hiyo ilituchukua siku nzima, na ndiyo siku ambayo mafundi wengi huiruka.

Kuhamisha kwenyewe kulikuwa na adabu yake. Nilijenga nakala ya duka kwenye anwani ya majaribio ili nione kama kila kitu kinasimama. Ufunguo wa malipo ukakataa, kwa sababu unahesabu anwani, na kwake anwani ya majaribio ilikuwa tovuti ya pili. Ufunguo wa lugha uliruhusu anwani moja ya majaribio. Mandhari haikujali. Kwa hiyo malipo nisingeweza kuyajaribu mpaka usiku wa kuhama wenyewe, baada ya duka la zamani kufungwa. Nikachagua Jumapili usiku, wakati oda ni chache. Nilichukua nakala ya hifadhidata na mafaili, nikaandika tangazo la saa mbili kwa wateja, nikahamisha, nikaufunga ufunguo kwenye anwani halisi, kisha mama akanunua chupa moja ya asali yake mwenyewe kwa simu yake mwenyewe. Shilingi zikatoka, shilingi zikaingia. Akacheka kama mtu aliyejiuzia.

Picha ya nyuki niliiondoa. Leseni yake ilikuwa ya akaunti ya kijana, haikuwa ya mama kuhama nayo. Mahali pake tuliweka picha aliyopiga mpwa wake kwa simu: wanawake watatu wa kikundi, mmoja akiangalia pembeni, wameshika masega. Nyuki hawaonekani. Mteja wa Kigali aliipenda.

Mwisho nilimwachia karatasi moja kwa Kiswahili. Upande wa kushoto, kitu: kikoa, seva, WordPress, mandhari, malipo, lugha, picha, maandishi, wateja. Katikati, ni cha nani na kwa ruhusa gani. Kulia, kinaisha lini na analipwa nani. Tangu hapo naitumia kwa kila mteja, nami huiandika kabla ya kuandika bei.

Mwaka uliofuata ulinionyesha kwamba hata wakubwa hawajamaliza jambo hili. Septemba 2024 Mullenweg aligombana hadharani na kampuni ya WP Engine kuhusu matumizi ya jina la WordPress, akawafungia njia ya kupata masasisho kutoka WordPress.org, mpaka mahakama ya California ilipoamuru Desemba warudishiwe. Msimbo ulikuwa huru muda wote huo. Kilichofungwa kilikuwa mlango wa masasisho, na ugomvi ulikuwa wa jina. Tofauti na stoo ya Biharamulo ilikuwa ukubwa wa ndoo tu.

Mama niliendelea kumhudumia kwa miezi kumi na minne, elfu themanini kwa mwezi, fedha ambayo ilinilipia kodi ya chumba. Kisha akapiga simu. Mtoto wa dada yake amemaliza chuo Mwanza, amesomea kompyuta, amerudi nyumbani na hana kazi.

“Mwanangu, usininunie,” alisema.

“Sinuni, mama.”

“Ana kila kitu? Atahitaji nini kutoka kwako?”

Nikafikiri. Kikoa kilikuwa chake, funguo zilikuwa zake, seva ilikuwa yake, nakala za akiba zilikuwa kwenye akaunti yake. Nilimwambia ampe binti ile karatasi.

Siku tatu baadaye barua pepe ya mfumo ilinifikia, ile inayotumwa bila mkono wa mtu, ikisema akaunti yangu kwenye tovuti hiyo imefutwa. Binti alikuwa amefanya kazi yake sawasawa. Ndivyo anavyopaswa kufanya fundi mpya. Nikaisoma mara mbili. Nilifurahi na niliumia, vyote kwa pamoja, na kodi ya mwezi huo niliilipa kwa kuchelewa. Kesho yake nilipanda gari kwenda Kabanga, ambako mwenye nyumba ya wageni alikuwa na tovuti, nywila tatu, na fundi asiyepatikana.